Uliza Fundi: Gia Inagoma, Gari Linasita, Likifika Gereji Limepona

Barua za mara hii karibu zote zina kilio kimoja: gari la dizeli la gia za mkono linasumbua leo, kesho limetulia, na likifikishwa kwa fundi linaendeshwa kama jipya. Tunaanza na barua yenye matatizo mawili kwa mpigo, maana ndiyo inayohitaji maelezo marefu.

SWALI

Wahariri, habari za kazi. Nina Hilux Vigo ya 2008, injini ya 2KD ya cc 2,500, gia tano, kilomita 264,000. Nikikaa foleni muda mrefu, gia ya kwanza na rivasi zinagoma kuingia, nikilazimisha zinakwaruza. Kesho yake asubuhi zinaingia vizuri. Halafu nikiwa gia ya pili au ya tatu nakanyaga mafuta, gari linasita sekunde moja au mbili, kisha linavuta kama hakuna kilichotokea. Taa ya injini imewahi kuwaka mara mbili ikazimika yenyewe. Nimeshabadilisha klachi pleti, presha pleti, beringi ya klachi na filta ya dizeli. Sasa fundi anataka kushusha giaboksi aifungue. Nikubali?
Msomaji, Morogoro

JIBU

Usikubali bado, ndugu yetu. Hayo ni mambo mawili ambayo huenda hayana undugu wowote, na kila moja lina kipimo chake unachoweza kukifanya bila kununua kitu.

Tuanze na gia. Siku zikigoma, papo hapo kwenye foleni, vuta hendibreki, zima injini, kisha ingiza gia ya kwanza, ya pili, halafu rivasi. Zikiingia laini injini ikiwa imezimwa na zikagoma ikiwa inaunguruma, giaboksi haina kosa: klachi haiachii. Umekanyaga pedeli mpaka chini lakini shafti inayoingia kwenye giaboksi bado inazungushwa na injini, na meno yanayozunguka hayakubali kukaa kwenye yaliyosimama. Rivasi huwa ya kwanza kulalamika kwa sababu kwenye giaboksi nyingi haina sinkronaiza (ringi inayosawazisha mwendo wa gia kabla meno hayajakutana) ya kuisaidia. Kama gia moja tu inagoma injini ikiwa imezimwa, sukuma gari kidogo ujaribu tena. Wakati mwingine meno yamekutana ncha kwa ncha. Ni pale zinapogoma zote, injini imezimwa na gari limesukumwa, ndipo macho yahamie kwenye liva, bushi zake na giaboksi yenyewe.

Gia kugoma baada ya foleni na kupona zikishalala ni dalili ya mfumo wa mafuta ya klachi. Kwenye foleni unakanyaga klachi mara mia na zaidi, kila kitu chini ya boneti kimepata moto, mafuta yamekuwa mepesi, na mpira uliochakaa ndani ya masta ya juu (pampu ndogo inayosukumwa na pedeli ya klachi) unayaachia yapite pembeni yake. Mafuta hayamwagiki chini, yanarudi kwenye kikopo chake. Ndiyo maana ukifungua kikopo unakuta kimejaa, na fundi anaapa kwamba klachi haina shida.

Kipimo cha kwanza ni kupampu. Gia ikigoma, kanyaga pedeli haraka mara tatu, ya nne uishikilie chini, kisha ingiza gia. Ikiingia sasa, kuna upepo ndani au mpira wa masta umechoka. Cha pili ni kushikilia. Simama mahali tambarare pasipo na gari mbele, injini ikiunguruma, gia ya kwanza, klachi chini kabisa, achia breki lakini mguu ukae tayari juu yake, hesabu dakika moja. Gari likianza kutambaa lenyewe wakati mguu wako wa kushoto haujasogea, masta ya juu inapitisha ndani.

Cha tatu kinataka watu wawili na chaki. Injini imezimwa, matairi yamewekewa mawe mbele na nyuma. Mmoja akanyage klachi na kuishikilia. Mwingine aingie chini ya gari aangalie masta ya chini pale ubavuni mwa giaboksi: kuna kijiti kinachosukuma uma wa klachi. Weka alama ya chaki kwenye uma mara tu pedeli ikifika chini, usubiri nusu dakika. Uma ukirudi polepole kuiacha alama wakati pedeli bado iko chini, presha inapotea. Ukiwa huko huko, kunja mpira wa vumbi wa masta ya chini kwa kidole. Ukilowa mafuta, sili yake imekwisha. Ndani ya gari nako, inua kapeti ushike kijiti cha pedeli kinapoingia ukutani: unyevu hapo ni masta ya juu inayovuja kwa nje. Mwisho, mwenzako akiwa anakanyaga na kuachia, shika kipande cha paipu ya mpira kinachoshuka kwenye masta ya chini. Kikivimba mkononi, ni cha kutupa.

Pima pia nafasi ya pedeli. Ibonyeze kwa kidole hadi uhisi uzito unaanza: kwa Hilux nafasi hiyo iwe milimita 5 hadi 15. Ikizidi sana, klachi haiachii yote. Ikikosekana kabisa, klachi itateleza na beringi yake haitadumu.

Ukithibitisha ni masta, tunashauri ununue ya juu na ya chini kwa pamoja, nzima. Seti ya mipira ni rahisi kwa bei, lakini silinda ikishakuwa na mikwaruzo au vishimo vya kutu, mpira mpya unakatwa ndani ya wiki chache na unarudi pale pale. Weka mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4, yale yaliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo. Chupa ya nusu lita inatosha kusafisha mfumo mzima na kubaki. Mafuta haya hunywa unyevu wa hewani: DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205, yakishalowa kiwango kinashuka hadi 140. Chupa iliyokaa wazi dukani tangu mwaka jana isiingie kwenye gari lako. Na yeyote anayetaka kuongezea mafuta ya pawa stelingi au oili ya injini “kwa leo tu” mnyang'anye funguo. Mipira itavimba na utabadilisha kila kitu.

Kutoa upepo: jaza kikopo, valisha mpira mwembamba unaoonyesha ndani kwenye nati ya kutolea upepo ya masta ya chini, ncha ya pili izame kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Msaidizi akanyage polepole mara kadhaa na kushikilia chini. Legeza nati, mafuta na viputo vitoke, kaza, ndipo aachie pedeli. Mpangilio huo usivunjwe: pedeli ikiachiwa kabla nati haijakazwa, umevuta upepo mpya. Angalia kikopo kila baada ya mara nne au tano kisikauke. Endelea hadi mafuta yatoke safi, bila kiputo.

Ikiwa vipimo vyote vinapita na gia bado zinagoma, rudi kwa aliyekufungia klachi umuulize mambo mawili. Je, alibadilisha beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini)? Ikikauka, inaishika shafti na kuizungusha na injini hata klachi ikiwa imeachia. Na je, aliisafisha shafti na kuhakikisha klachi pleti inateleza juu yake bila kukwama? Kazi hizo hufanyika giaboksi ikiwa chini, na ni kosa kubwa kuishusha bila kuzimaliza.

Sasa kusita. Hapa kipimo chako cha kwanza ni mshale wa RPM, yaani mizunguko ya injini kwa dakika. Gari likisita, tupia jicho. Mshale ukiruka juu huku mwendo hauongezeki, injini ina nguvu zake na klachi inateleza. Mshale ukikaa pale pale, au ukashuka, injini ndiyo inayokosa kitu. Ukitaka uhakika wa klachi, tafuta barabara tupu, nenda gia ya nne kwa kilomita 50 kwa saa, kanyaga mafuta yote: klachi inayoteleza itaonekana hapo, na mara nyingi utaisikia harufu.

Tukichukua kwamba ni injini, taa iliyowaka na kuzimika ni bahati yako. Kompyuta ya gari huhifadhi kodi, yaani namba za makosa, hata taa ikizimika. Zisomwe kabla ya mtu yeyote kuchomoa betri, na zisifutwe hadi ziandikwe. Kwenye injini za 2KD na 1KD, kodi ya P1229 maana yake presha ya reli (paipu nene inayogawa dizeli kwa nozeli zote) imepanda kuliko ilivyoamriwa. P0087 ni presha ya chini. Zote mbili zikija na kuondoka, mshukiwa mkubwa ni vali ndogo ya umeme iliyofungwa kwenye pampu ya dizeli, inayopima kiasi cha dizeli kinachoingia kusukumwa. Mafundi wengi wanaijua kwa herufi zake, SCV. Ikichakaa inakwama kidogo, kisha inajiachia. Dalili zake: injini haikai sailensi (kuunguruma bila kukanyagwa mafuta) vizuri, mshale unacheza juu na chini, ukiachia mafuta ghafla inataka kuzima, na inasita zaidi ikishapata moto.

Kuithibitisha, kifaa kidogo cha kusoma kodi kinachounganishwa na simu kinatosha, mradi kionyeshe presha ya reli. Sailensi, injini ikiwa na moto, 2KD inakaa karibu megapaskali 30. Endesha na mwenzako akiangalia simu, wewe uangalie barabara. Presha ikiyumba wakati mguu wako umetulia, au ikidumaa wakati wa kusita, umepata jibu. Ikipanda vizuri na gari bado likasita, acha pampu, hamia kwenye pedeli ya mafuta.

Pedeli hiyo haina waya wa chuma, ina sensa mbili ndani. Washa swichi bila kustati, kanyaga taratibu kutoka juu hadi chini ukihesabu hadi kumi, huku unaangalia asilimia yake. Inatakiwa ipande bila kuruka wala kurudi nyuma. Kwa volti, sensa moja huanzia karibu 0.8 na nyingine karibu 1.6 mguu ukiwa haujagusa. Zikipishana kuliko kawaida, kompyuta huandika P2138 na kupunguza nguvu. Kabla ya kununua pedeli nyingine, tikisa soketi yake na nyaya zinazoingia kwake huku ukiangalia namba. Zikiruka ukitikisa, tatizo ni waya.

Kabla ya hayo yote, hata hivyo, kagua waya wa erthi unaotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi. Magari yaliyowahi kushushwa injini au giaboksi mara nyingi hurudishwa bila waya huo, au umekazwa juu ya kutu. Weka mita ya volti, ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye chuma safi cha injini, mtu astati. Ikizidi nusu volti, safisha au badilisha waya kwanza, maana sensa zote hutumia erthi hiyo na unaweza kufukuza kodi tano zisizo za kweli. Gari lako limeshashushwa giaboksi mara moja kwa ajili ya klachi. Sisi tungeanzia hapo.

Onyo moja: mtu asilegeze nati za paipu za nozeli kwenye injini ya reli huku inaunguruma, kama tulivyozoea kwenye magari ya zamani. Mle presha inaweza kuzidi bar 1,000. Dizeli ya presha hiyo inatoboa ngozi, na jeraha lake ni la hospitali siku hiyo hiyo hata kama linaonekana kitobo tu.

SWALI

Hiace yangu ni ya zamani, injini ya 3L, pampu ya kawaida isiyo na kompyuta. Asubuhi nastati muda mrefu ndipo iwake, inakohoa na kutoa moshi mweupe dakika moja hivi. Nikipanda kwenda Wundanyi inapungua nguvu polepole kama inayoishiwa mafuta. Nikisimama dakika tano, inarudi. Nozeli zimepimwa, ni nzima. Nimeambiwa pampu imekufa.
Msomaji, Voi

JIBU

Pampu iliyokufa haifufuki kwa kupumzika dakika tano. Kinachopona kwa kusimama ni njia ya dizeli: kitu kinazuia isije, au upepo unaingia nayo.

Fanya kipimo cha jerikani kabla ya kumpa mtu yeyote pesa. Chukua jerikani safi ya lita tano, dizeli safi iliyochujwa, na mpira wa kipenyo kile kile cha paipu inayoingia kwenye pampu. Ifunge imara juu kuliko pampu, mahali isipoweza kuanguka wala kugusa mfumo wa moshi, unganisha moja kwa moja kwenye pampu, na paipu ya marejeo irudishe kwenye jerikani hiyo hiyo. Toa upepo, washa, jaribu kupanda kipande kifupi cha mlima. Gari likivuta vizuri, pampu na nozeli zimeokoka. Kosa liko kati ya tangi na pampu.

Kisha rudi nyuma hatua kwa hatua. Siku gari likipungua nguvu, simama ufungue mfuniko wa tangi. Ukisikia tangi likivuta pumzi kwa nguvu, tundu la hewa la mfuniko limeziba. Tangi lilikuwa linatengeneza utupu na dizeli inashindwa kutoka. Dakika tano za kusimama zilikuwa zinatosha hewa kujipenyeza. Mfuniko ukiwa mzima, kinachofuata ni chujio la ndani ya tangi: takataka zinavutwa zikaliziba, ukizima zinadondoka chini. Tangi lishushwe lioshwe. Kupuliza paipu kwa kompresa kunazirudisha tangini tu, na wiki ijayo uko Voi tena unaandika barua.

Kuwaka kwa shida asubuhi kunaelekea kwenye upepo. Fungua paipu kati ya filta na pampu, weka mahali pake kipande cha mpira unaoonyesha ndani. Kiputo kimoja wakati wa kuwaka si neno. Mfululizo wa viputo injini ikiunguruma ni upepo unaovutwa kutoka nyuma ya hapo. Wapi? Kwa Hiace hizi anza na pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Mpira wake wa ndani hupasuka na huvuta upepo bila kudondosha hata tone, kwa sababu sehemu hiyo iko upande wa kuvuta. Halafu oringi ya filta, iwe mpya na ipakwe dizeli kabla ya kufungwa. Halafu washa za shaba, zile ringi bapa za kwenye nati za paipu, ambazo hazirudiwi mara mbili. Mwisho ile mipira myembamba ya marejeo kwenye nozeli: ikipasuka, dizeli inashuka usiku kucha kurudi tangini na asubuhi pampu inaanza tupu. Kama viputo viko kwenye paipu ya marejeo na njia ya kuingia ni safi, basi ndiyo, angalia sili ya shafti ya pampu.

Usichanganye hali hii na kukatika ghafla. Njaa ya dizeli inakuja polepole, sekunde kumi au zaidi, gari linalegea kama mtu anayesinzia. Gari likikatika kwa kisu, kimya, kisha likadaka tena wakati matairi bado yanazungusha injini, hapo ni umeme: koili ya kuzimia iliyo juu ya pampu imepoteza moto. Ina waya mmoja wenye nati ndogo, na mara nyingi nati hiyo imelegea. Washa na uzime swichi bila kustati. Ukisikia “tik” kila mara, koili inafanya kazi, kagua waya na fyuzi.

Jambo la mwisho kwako. Kama unanunua dizeli kwenye madebe kwa bei isiyoeleweka, huenda unanunua mafuta ya taa. Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuua biashara hiyo, lakini uchanganyaji bado unajaribiwa. Pampu ya aina yako hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa hayana ulainisho huo. Hapo ndipo pampu hufa kweli.

SWALI

Land Cruiser injini ya 1HZ. Asubuhi, hasa Juni na Julai, gia ya pili ni ngumu na inakwaruza kilomita tatu za mwanzo. Ikishapata moto ni laini. Nilimwaga oili ya giaboksi miezi miwili iliyopita, nikawekewa mpya.
Msomaji, Makete

JIBU

Umejibu mwenyewe kwenye sentensi ya mwisho. Uliza uliwekewa namba ngapi. Oili ya 140 ni ya difu za malori. Kwenye giaboksi, tena kwa baridi ya Makete, inakuwa kama asali. Ringi ya sinkronaiza inafanya kazi kwa kuifuta oili ili ishike koni ya gia na kuipunguza mwendo. Oili nzito haifutiki haraka, ringi inateleza, meno yanakwaruza. Gia ya pili inaumia kwanza kwa sababu tofauti ya mwendo kutoka ya kwanza ni kubwa.

Weka 75W-90. Angalia pia maandishi ya GL, yaani daraja la oili, kwenye dumu: kitabu cha gari kikisema GL-4 pekee, GL-5 isiingie, kwani viungo vyake vikali vinaweza kuila shaba ya ringi na utelezi wake unazinyima kushika.

Endesha kwanza kilomita kumi ili oili ipate moto. Fungua nati ya kujazia, ile ya ubavuni, kabla ya kugusa ya chini. Wengi wanaanza na ya chini, oili ikaisha, wakagundua ya kujazia imeganda haifunguki, na gari limebaki bila oili uwanjani. Gari likiwa tambarare, jaza mpaka oili ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia, basi.

Usitupe ulichokuta kwenye sumaku ya nati ya chini. Uji laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Oili yenye kung'aa rangi ya dhahabu ikiwekwa juani ni shaba ya ringi, zinakwisha. Vipande vinavyoshikika kwa vidole ni meno au beringi. Hapo giaboksi ifunguliwe. Kama baada ya oili sahihi gia ya pili bado inakwaruza hata ikiwa na moto, ringi ndiyo iliyobaki.

SWALI

Hiace yangu ni ile ya liva ya gia kwenye dashibodi. Siku nyingine natafuta ya tatu napata ya kwanza, siku nyingine rivasi haipatikani. Klachi ni nzuri.
Msomaji, Dodoma

JIBU

Nyaya. Gia hizo zinaendeshwa na nyaya mbili ndefu, moja ya kuchagua upande na moja ya kuingiza. Kwenye ncha zake kuna bushi ndogo za plastiki ambazo hukatika vipande vipande na kuacha kichwa cha waya kikicheza. Ingia chini, mwenzako atikise liva kushoto na kulia: kama liva inatembea sentimita mbili kabla mkono wa giaboksi haujasogea, badilisha bushi. Kama bushi ni nzima na waya ni mzito kusukuma ukiwa umechomolewa ncha zote mbili, umeingia kutu ndani, ununue mwingine. Kagua pia mauntini ya injini, ule mpira unaoishikilia. Ikipasuka, injini inasogea ukikanyaga mafuta na kuvuta nyaya hizo, ndiyo maana tatizo linachagua siku.

SWALI

D-Max ya cc 3,000 yenye turbo. Bila mzigo ni nzuri. Nikibeba mzigo na kukanyaga, inasita, moshi mweusi, na nasikia kama mluzi. Kompyuta haionyeshi kodi. Turbo imekwisha?
Msomaji, Kigoma

JIBU

Moshi mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa, na mluzi ni hewa inayotoroka. Kabla ya turbo, kagua mipira mikubwa inayotoka kwenye turbo kwenda kwenye intakula (kipoza hewa ya turbo) na kutoka intakula kuingia kwenye injini. Ufa wake hufunga gari likiwa limesimama na kufunguka presha ikipanda, ndiyo maana bila mzigo huuoni.

Injini ikiwa baridi, pitisha mkono upande wa chini wa kila mpira, mahali macho hayafiki. Mahali penye ufa utakuta oili nyeusi imechafua na vumbi limeganda juu yake, kwa kuwa hewa ya turbo daima hubeba oili kidogo. Ukunje mpira kwa mikono miwili ili ufa ufunguke. Ukiwa mzima, legeza klipu zake uangalie kama zimekata mpira au kama mpira umeteleza nusu nje ya paipu. Futa oili yote kwenye paipu na ndani ya mpira kabla ya kurudisha, la sivyo utateleza tena siku ya kwanza ya mzigo. Gundi na mipira ya tairi iliyozungushwa juu ya ufa hazihimili presha hiyo hata siku moja.

Mipira ikiwa mizima, vua paipu inayoingia kwenye turbo ushike shafti yake kwa vidole. Kucheza kidogo sana kushoto na kulia ni kawaida. Ikiingia na kutoka, au mabawa yakigusa ukuta, hapo sasa ni turbo.